Rambo Alilia, Nyie Mkazomea

Leo naandika nikiwa nimejificha, maana najua mawe yatarushwa. Nataka tuongee habari za picha, na zile ninazotaka kuziongelea ni picha ambazo mtu ukizikandia pale kijiweni kwetu unaweza kunyimwa kahawa hata kama hela unayo mkononi.

Nianze taratibu. Titanic, ile ya mwaka 1997 iliyobeba Oscar 11. Dada zangu mlilia, najua, na wengine mlilia mara tatu kwa mkanda uleule wa kuazima. Mimi nilikuwa nangojea meli izame. Jack na Rose wala hawakunishughulisha. Walioniliza ni wale wapiga muziki, ambao walikuwepo kweli duniani, watu wanane, waliendelea kupiga vyombo meli ikiwa inainama na wakafa wote. Hao wamepewa dakika chache tu kati ya saa tatu na ushee, muda uliobaki kijana anamchora binti. Ningekuwa mimi ndiye James Cameron, wale jamaa wa fidla ningewapa picha nzima.

Halafu kuna Komando, ya mwaka 1985, ya Arnold Schwarzenegger. Nyie mnaiita picha ya mapigano, mimi naiita komedi. Jamaa kasimama peupe kwenye bustani ya watu, jeshi zima linammiminia risasi, na risasi zenyewe zinampisha kama zinapishana na mkwe. Nacheka mpaka leo. Hiyo siikandii lakini, naipenda hivyohivyo, ila msiniambie ni kali kwa sababu ya vita.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Rambo.

Muulize mtu yeyote aliyekulia kwenye mabanda ya video, iwe Tandika, iwe Manzese, Rambo ipi ilikuwa bomba. Atakwambia ya pili, ile ya mwaka 1985 anayorudi Vietnam kuokoa mateka. Au ya tatu, ya mwaka 1988, anawachakaza Warusi kule Afghanistan. Ukimtajia ya kwanza atakunja uso. "Ile haina vita bwana. Halafu mwisho stelingi analia."

Mimi nasema Rambo ni moja tu, nayo ni hiyohiyo ya kwanza, First Blood, ya mwaka 1982. Nne zilizofuata, mpaka ile ya mwaka 2019 ambayo mzee wa watu keshazeeka bado anatumwa kuua, ni biashara ya kuuza jina.

Kwa faida ya wadogo zangu ambao Rambo mnamjua kama mfuko wa plastiki (ndiyo, ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019, jina lilitoka kwa huyu jamaa), hadithi iko hivi. Mwanajeshi karudi Marekani kutoka vitani. Anatembea kwa miguu, begi begani, anamtafuta mwenzake wa kikosini. Anafika, anamkuta mama anaanika nguo. Mama anamwambia, huyo unayemuulizia ameshakufa, saratani, alitoka nayo hukohuko vitani kwenye zile dawa zilizokuwa zinamwagwa. Rambo anaondoka. Hana pa kwenda.

Anaingia kwenye mji mdogo, anatafuta pa kula. Mkuu wa polisi wa pale, Teasle, anaona nywele ndefu na koti la jeshi, anajiambia huyu mhuni. Anampakia kwenye gari na kwenda kumshusha nje ya mji. Rambo anageuka na kurudi. Basi, kosa lenyewe ndilo hilo! Wanamkamata kwa uzururaji, wanampiga na maji ya mpira kama wanaosha gari, halafu wanataka kumnyoa ndevu kwa wembe huku wamemshikilia. Wembe ule unamkumbusha mateso ya kule Vietnam, na hapo ndipo anapochachamaa. Anatoka, anapora pikipiki, anakimbilia mlimani.

Sasa hesabuni maiti pamoja nami. Ukiacha mbwa wa polisi, kwenye picha nzima anayeonekana kufa ni mtu mmoja. Mmoja! Na huyo hakupigwa risasi. Alikuwa kwenye helikopta anamwinda Rambo kama ngiri, Rambo akaokota jiwe akarusha, helikopta ikayumba, jamaa akadondoka. Yaani silaha ya mtoto anayeangua maembe. Wale askari wengine waliomfuata msituni aliwatega mmoja mmoja, akawaumiza, akawaacha hai. Teasle mwenyewe aliwekewa kisu shingoni, akaambiwa amwache, akaachiwa.

Huyo ndiye Rambo. Mtu ambaye angeweza kuwamaliza wote kabla ya chai ya saa nne lakini hataki. Wa picha zilizofuata ni mwingine, kapewa jina hilohilo na kitambaa hichohicho cha kichwani.

Mshikaji wangu mmoja, fundi simu Kariakoo, tulibishana juu ya hili mpaka muuza kahawa akatuhamisha benchi.

"Kazi ya stelingi ni nini?" akaniuliza.

"Wewe sema."

"Kushinda. Stelingi hafi, stelingi halii. Nikitaka kuona mwanaume analia nitakaa nyumbani mwisho wa mwezi nijitazame kwenye kioo."

Watu wakacheka, mimi nikaonekana nimeshindwa. Sikumjibu palepale kwa sababu jibu langu ni refu na lina habari za nyumbani kwetu. Jibu lenyewe ni hili.

Mwaka 1991, Keko, banda la video la mabati, magunia madirishani, mabenchi ya mbao yanayochana kaptula. Mimi niko darasa la sita. Siku hiyo mwenye banda alitangaza Rambo, tukajazana tukijua tunakwenda kuona vita. Kumbe mkanda wenyewe ni ule wa kwanza. Tulivumilia. Pikipiki tuliishangilia, helikopta tukaishangilia, kituo cha mafuta kilipolipuka watu walisimama juu ya mabenchi. Halafu tukafika mwisho. Rambo yuko ndani ya kituo cha polisi, nje kumejaa bunduki, mkuu wake wa zamani, Kanali Trautman, ameingia kuongea naye. Na Rambo anaanza kulia. Wala si chozi moja la kiume. Analia kwa kwikwi, kamasi zinamtoka, amejikunja kwenye kona, anaongea maneno mengi ya Kiingereza ambayo hakuna mmoja wetu aliyeyapata.

Banda zima likazomea. "Uuuuu! Analia kama mtoto!" Mwenye banda, mtu wa biashara, akaanza kupeleka mkanda mbele ili atuwekee Komando.

"Rudisha hapo."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa baba mdogo. Alikuwa ametumwa kuja kunichukua, nilikuwa nimetoroka kuteka maji. Sikujua alikuwa amesimama pale muda gani.

"Mzee, watu wamelipa," mwenye banda akasema.

Baba mdogo akatoa noti, akampa bila kuiangalia. "Rudisha."

Inabidi niwaambie baba mdogo alikuwa nani. Alikuwa anakaa kwetu, chumba cha uani. Kazi yake ilikuwa kulinda godauni moja huko Barabara ya Pugu, usiku, rungu na tochi, na mwenye godauni alikuwa anamwita "we mlinzi" miaka yote bila kumuuliza jina. Kabla ya hapo alikuwa mwanajeshi. Mwaka 1979, akiwa na miaka 22, aliendesha lori la makombora kutoka Mutukula, kupitia Masaka, mpaka Kampala, ambayo ilitekwa Aprili 11 mwaka huohuo. Hayo tuliyajua kwa baba. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyasema. Sisi watoto tulikuwa tunamwomba atuhadithie, "Baba mdogo, uliua wangapi?", na yeye anainuka anakwenda kufagia uwanja. Usiku wa zamu yake ya mapumziko alikuwa hazimi taa. Mama alilalamika mafuta ya taa yanaisha, baba akamwambia yaishe.

Basi mkanda ukarudishwa. Baba mdogo akatazama mwisho mzima amesimama, kashika fremu ya mlango. Hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Watoto walinyamaza, si kwa heshima ya Rambo, ila kwa kumwogopa yeye.

Njiani akaniuliza, "Pale anapolia, anasema nini?"

Mimi ndiye msomi wa nyumba, darasa la sita, ripoti yangu ya Kiingereza ilikuwa na alama nzuri. Nikaona aibu kusema sijui. Nikadanganya.

"Anasema amechoka."

Baba mdogo akatembea hatua kadhaa. "Eeh," akasema. Hatukuongea tena mpaka nyumbani, na viboko vya maji sikupigwa.

Miaka ikapita. Nilikuja kuiona tena picha ile mtu mzima, maneno yameandikwa chini, nikayasoma. Anachosema Rambo pale ni kwamba kule vitani aliaminiwa, aliendesha helikopta, aliendesha vifaru, alikabidhiwa vifaa vya mamilioni ya dola. Karudi nyumbani, hata kazi ya kuegesha magari ya watu hapewi akadumu nayo. Halafu anamhadithia kanali jinsi rafiki yake alivyomfia mikononi kule Saigon, kwenye baa, baada ya mtoto mng'arisha viatu kuja na kisanduku kilichotegwa bomu, na huyo rafiki anakufa huku anasema anataka kwenda nyumbani.

Nilizima mashine. Nikafikiria lori la makombora, na rungu na tochi.

Msidhani haya ya kulia yaliwekwa kupoza picha. Ndiyo picha yenyewe. Kitabu ilikotoka hadithi hii, cha David Morrell, cha mwaka 1972, mwisho wake Rambo anakufa. Hata kwenye sinema walipiga mwisho wa namna hiyo, watu walioonyeshwa kwa majaribio hawakuupenda, ukatupwa. Hapo wasambazaji wakashukuru, maana maiti haiwezi kutumwa Afghanistan. Ila na mimi nashukuru, kwa sababu zangu. Angekufa pale, lile neno alilokuwa anaongea lisingekuwa na mtu wa kulisikia, na sisi tungetoka bandani tunasimulia bunduki.

Fundi simu wangu, umeelewa sasa kwa nini nilinyamaza? Usiniambie stelingi halii. Mimi nimekaa ukuta mmoja na stelingi ambaye hakulia miaka yote niliyoishi naye, na nilimwona usiku, taa inawaka, kakaa kitandani na viatu miguuni.

Baba mdogo yupo, Mungu amemweka. Anaishi Kilosa, ana shamba la mahindi na mbuzi wakorofi. Mwaka huu nilikwenda kumsalimia, nikabeba kompyuta yenye hiyo picha. Nilimwambia ukweli, kwamba siku ile Keko nilimdanganya. Akacheka, akasema alijua, kwa sababu mtu hasemi maneno mengi vile kusema amechoka tu.

Nikamwekea mwisho. Safari hii nilikuwa nasimamisha kila baada ya sentensi, namtafsiria. Kwenye yale ya kuegesha magari akaniinulia mkono nisubiri, akakaa kidogo, kisha akaniashiria endelea. Tulifika mpaka Rambo anatolewa nje, koti la kanali mabegani.

Nikangojea aseme kitu. Nilikuwa nimetembea njia yote ile kwa ajili ya kitu atakachosema.

"Yule polisi mkubwa," akauliza, "alikufa?"

"Hapana. Aliumizwa tu, wakampeleka hospitali."

"Afadhali," baba mdogo akasema, akainuka kwenda kufunga mbuzi.

Wiki ijayo tutagusa picha za Kihindi. Nina neno moja kuhusu Sholay ambalo litanifanya nihame mtaa. Tuonane hapahapa.