Kiazi cha Sokoni na Kiazi cha Maabara

Mwanafunzi anapokutana na neno gumu katika kitabu cha biolojia, aghalabu huambiwa afungue kamusi. Agizo hilo ni jema katika somo la lugha. Katika somo la sayansi humpoteza mara nyingi, wala kosa si la kamusi. Kosa ni la kudhani kwamba kamusi na orodha ya istilahi ni kitu kimoja, ila moja ni nene na nyingine ni nyembamba.

Chukua neno kiazi. Msemaji wa Kiswahili ana kiazi kitamu, kiazi mviringo na kiazi kikuu, na muhogo ameuweka mbali na hivyo vyote. Mgawanyo huo ni wa jikoni na sokoni, na umetosha kwa karne nyingi. Mtaalamu wa mimea huugawanya upya. Kiazi kitamu kwake ni mzizi uliovimba kwa kuhifadhi chakula. Kiazi mviringo ni shina lililovimba chini ya ardhi, na yale yaitwayo macho yake ni machipukizi yaliyokaa mahali ambapo shina huchipulia. Muhogo, ambao hakuna aliyeuita kiazi, ni mzizi pia, na kwa hiyo uko karibu na kiazi kitamu kuliko kiazi mviringo kilivyo. Mkulima haoni ajabu. Kiazi mviringo hukipanda chenyewe, kitamu hukipanda kwa marando, yaani vipande vya shina linalotambaa. Anaijua tofauti kwa jembe, lakini lugha haijampa jina la kuitofautisha.

Je, kamusi imekosea? La, hasha. Kazi ya mtunga kamusi ni kusikiliza. Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, aliyaandika maneno kama alivyoyasikia Mombasa na Rabai. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na nia nyingine, ya kusanifisha, lakini hata kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilianza na neno lililokwisha kutamkwa na watu, kisha ikauliza: hili lina maana gani, na ngapi? Vivyo hivyo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Watu wakimwita buibui mdudu, na jongoo mdudu, na kisababishi cha ugonjwa mdudu vilevile, mtunga kamusi hana ruhusa ya kuwakemea. Huziandika maana zote, akazipa namba, akaendelea na neno linalofuata. Mwalimu wa biolojia hawezi kuvumilia hivyo, kwa maana mdudu wake ana miguu sita na mwili wenye sehemu tatu, na buibui mwenye miguu minane hamo.

Mtunga istilahi huanzia upande wa pili. Neno kwake huja mwisho. Kwanza ipo dhana, nayo hufafanuliwa mpaka isichanganyike na jirani zake. Ndipo hutafutwa jina la kuibeba, na ikiwezekana jina moja tu. Aliyelieleza jambo hili kwa utaratibu hakuwa mwanaisimu bali mhandisi wa Austria, Eugen Wüster, katika kitabu chake cha mwaka 1931 juu ya usanifishaji wa lugha ya ufundi, hasa ufundi wa umeme. Ni vema kukumbuka kwamba katika ujana wake alikuwa ametunga kamusi kubwa ya Kiesperanto. Aliijua kazi zote mbili kabla ya kuzitenganisha.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi katika fizikia. Katika mazungumzo, neno nguvu hutumika kwa mabavu ya mtu, kwa ukali wa dawa, kwa umeme, kwa mamlaka ya serikali. Hapana ubaya. Lakini katika fizikia dhana hukaa kama jamaa wa nyumba moja, kila mmoja akijulikana kwa mwenzake. Kani ni ile inayosukuma au kuvuta na kubadili mwendo wa kitu. Kazi hupimwa kwa kani na umbali ambao kitu kimesogezwa kuelekea upande wa kani hiyo. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Kanieneo ni kani inayoangukia kila kizio cha eneo, na jina lenyewe limebeba ufafanuzi wake, jambo ambalo si istilahi nyingi zimejaliwa. Ukilegeza maana ya kani, kazi imelegea, na nishati pamoja nayo. Katika kamusi ya jumla mtu aweza kusahihisha kidahizo kimoja bila kugusa kingine. Katika istilahi hakuna kinachoguswa peke yake.

Kuli aliyesimama tuli bandarini na gunia la kilo 100 mabegani hafanyi kazi yoyote juu ya gunia lile, kwa kuwa halisogei. Misuli yake inatumia nishati, jasho linamtoka, na mwanafizikia anasema kazi ni sifuri. Kuli ana haki ya kucheka. Mwanafunzi naye atacheka, kisha atachanganyikiwa, ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya fizikia imeazima jina la kazi ya bandarini na kuacha sehemu kubwa ya maana yake nje ya mlango.

Kutokana na hayo, wale wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi kwa sababu maneno hayamo katika kamusi wanapima kitambaa kwa mizani. Kamusi ya jumla haikuahidi kuyaweka. Na hata yakiwamo, hesabu ya maneno haisemi lolote juu ya mpango wa dhana. Kwa upande mwingine, wapo wanaotunga majina mezani na kuwatazamia wasemaji watii. Kwa chombo kimoja, Kenya imezoea kusema tarakilishi, na Tanzania imebaki na kompyuta; hakuna kikao kilichoweza kuwalazimisha watu. Hapo ndipo mtunga istilahi anapomhitaji mtunga kamusi. Neno kani halikubuniwa maabara. Lilikuwamo katika lugha likiwa na maana ya nguvu na ya ukaidi, kamusi ikalihifadhi, na fizikia ikalikuta limetulia bila kazi nyingi, ikalipa moja.

Madhara ya kuchanganya mambo haya humwangukia mtoto. Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi na kwa Kiingereza katika sekondari. Mwanafunzi aliyeingia kidato cha kwanza na neno nguvu kwa dhana nne hufundishwa maneno manne ya kigeni asiyo na mahali pa kuyaweka. Au mtihani unamwuliza uzito wa mtu, naye anajibu kilo 60. Sokoni amesema kweli. Katika fizikia hilo ni tungamo, ambalo halibadiliki hata mwezini. Uzito wake hapa duniani ni karibu newtoni 588, na mwezini karibu newtoni 97. Kumnyima alama ni halali ikiwa tu darasani aliwahi kuonyeshwa kwamba uzito una maana mbili. Bila hivyo anaadhibiwa kwa kuijua lugha yake.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ni msaada mkubwa. Lakini mpangilio wa alfabeti huwatawanya jamaa wale wa nyumba moja, na ni mwalimu anayepaswa kuwakusanya tena ubaoni: mdudu pamoja na buibui, mzizi pamoja na shina. Mwalimu wa Kiswahili peke yake hataweza, kwa kuwa hajui mpaka wa dhana. Wa sayansi peke yake atatunga jina ambalo ulimi utalitema.

Mfano mmoja haujamalizika. Neno virusi liliingia kama jina la kigeni, na wasemaji, bila kuagizwa na yeyote, wakalitia katika ngeli ya ki- na vi- na kulipatia umoja: kirusi. Tangu janga la korona la mwaka 2020 maumbo yote mawili yamesikika kwa wingi, wengine wakisema kirusi na wengine virusi hata kwa kimoja. Mtunga kamusi atayaandika yote mawili na kulala usingizi. Orodha ya istilahi za biolojia inapaswa kuchagua moja, na kulichagua kabla ya mtihani.