Koki ipimwe kabla ya kulipiwa

TANGU Mkoa wa Katavi uanzishwe mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Mpanda, ujenzi wa nyumba, zahanati na miradi ya maji umewapa kazi wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Koki ya maji ni kifaa kidogo katika ujenzi huo, lakini ikiwa mbovu humtesa mteja kila siku.

Koki nyingi zinazouzwa nchini hutoka China, ambako viwanda vyake vimejazana katika miji kama Kaiping, jimbo la Guangdong, na Yuhuan, jimbo la Zhejiang. Hadi kufika Mpanda, mzigo hupita bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori, au kwa treni kupitia Tabora na Kaliua. Wafanyabiashara wadogo wanaochanga fedha na kuagiza wenyewe badala ya kutegemea Kariakoo wanastahili pongezi. Lakini mzigo mbovu ukishafika Mpanda haurudi China. Hasara ni ya mwenye duka na ya mkulima aliyenunua.

Ni vyema ieleweke kwamba kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza koki imara na koki dhaifu, kulingana na bei anayoitaka mnunuzi. Zote hung'aa. Tofauti imo ndani.

Koki imara mwili wake ni shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki ambamo shaba ndiyo nyingi. Ya bei ya chini mara nyingi ni ya zinki, ambayo huliwa na maji haraka na huweza kukatika kwenye nyuzi fundi anapokaza. Kuzitambua hakuhitaji maabara. Koki mbili za umbo moja ziwekwe kwenye mizani. Iliyo nyepesi sana itiliwe shaka. Sehemu ya ndani ya nyuzi ikwaruzwe kwa msumari: rangi ya njano ni dalili ya shaba, kijivu ni dalili ya zinki. Sumaku ikinasa kwenye mwili, hapo kuna chuma.

Lipo pia suala la afya. Shaba ya njano huchanganywa na risasi ili ichongeke kwa urahisi. Marekani, tangu mwaka 2014, imeweka kikomo cha asilimia 0.25 ya risasi katika sehemu zinazogusa maji ya kunywa. Mwagizaji anayo haki ya kudai kiwango hicho kwa maandishi.

Kwa hiyo makubaliano yasiishie kwenye picha na bei. Yataje aina ya madini, uzito kwa gramu na ukubwa wa nyuzi. Sampuli mbili zinazofanana zitiwe alama, moja ibaki kiwandani na nyingine kwa mnunuzi. Malipo ya mwisho yasitolewe hadi mzigo ukaguliwe kabla ya kupakiwa, kwa kufungua maboksi ya katikati na si ya juu tu, kupima uzito na kujaribu koki kwa maji yenye shinikizo.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianzisha mwaka 2012 utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka. Cheti chake ni kinga muhimu, na anayenunua kwa jumla Dar es Salaam anapaswa kukiulizia. Hata hivyo, cheti hakimwondolei mfanyabiashara wajibu wa kufungua boksi lake mwenyewe.

Mkulima naye apige hesabu. Koki inayovuja kikombe cha mililita 250 kwa saa hupoteza lita 6 kwa siku, na lita 180 kwa mwezi, sawa na madumu tisa ya lita 20. Hayo ni maji ya bustani ya mchicha, na penye dira yanalipiwa.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Vikundi vya wafanyabiashara wa Mpanda vikinunua mizani, vikawa na fundi bomba mmoja anayeaminika na kukataa mzigo usiolingana na sampuli, viwanda vitajua kuwa Katavi si jalala la koki mbovu.