Mbegu ya Ukame Siyo Mbegu ya Joto

Imekuwa desturi katika ofisi nyingi za kilimo, na hata katika vitabu vya wanafunzi, kuutaja ukame na joto kana kwamba ni jambo moja. Mkulima wa Dodoma au Singida akilalamika kwamba mahindi yake yametoa magunzi matupu, huambiwa anunue "mbegu ya ukame", na faili likafungwa hapo. Huo ni uvivu wa fikra, na gharama yake hailipwi na anayetoa ushauri.

Maji yakipungua wakati mahindi yanachanua, ndevu huchelewa kutoka huku mbelewele zimekwisha kumwaga chavua, na gunzi likabaki na mapengo. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano chenye makao yake Mexico, tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakichagua mimea ambayo ndevu zake hazichelewi hata inaponyimwa maji. Kazi hiyo imezaa matunda, na kuibeza ni utovu wa shukrani. Lakini joto kali lina hila nyingine: huiua chavua yenyewe. Ndevu zaweza kutoka kwa wakati, udongo ukawa na unyevu, na bado punje zisifunge.

Wapo wanaojitetea kwa Katumani, mbegu iliyotoka Machakos nchini Kenya katika miaka ya 1960 na kuenea sehemu kavu za Afrika Mashariki. Mbegu hiyo ilistahili sifa zake. Hata hivyo Katumani huukimbia ukame kwa kukomaa mapema. Haikuumbwa kupambana nao, seuze na joto. Wengine husema suluhisho ni mtama na uwele. Ni kweli mazao hayo huvumilia zaidi, na yahimizwe. Lakini anayesema hivyo akitoka kula ugali wa sembe hana budi kukubali kwamba wananchi wataendelea kupanda mahindi.

Kosa kubwa limo katika namna mbegu zinavyopimwa. Ili ukame upimwe barabara, mtafiti hupanda wakati wa kiangazi, humwagilia, kisha hufunga maji mimea ikikaribia kuchanua. Ndivyo ifanywavyo Kiboko nchini Kenya na Chiredzi nchini Zimbabwe, na utaratibu huo ni wa busara, kwa kuwa mvua haiwezi kuliharibu jaribio. Walakini sehemu kubwa ya kiangazi cha ukanda huu ni miezi ya ubaridi. Jaribio likichanua katika miezi hiyo, mbegu iliyofaulu imefaulu ukame wa ubaridi. Mkulima wa Dodoma hupanda Desemba; mvua ikikatika Februari, mahindi yake huchanua chini ya jua ambalo mbegu hiyo haikupata kuliona. Kwa sababu hiyo watafiti makini huongeza majaribio ya pili, yaliyopangwa ili kuchanua kuangukie wakati wa joto kali. Hayo ndiyo yanayohitaji fedha, na fedha ikipungua ndiyo ya kwanza kukatwa.

Ushahidi haukosekani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, ulionyesha kwamba kila nyuzijoto moja iliyozidi 30 kwa siku moja ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 pale mvua ilipotosha, na kwa asilimia 1.7 penye ukame. Mwaka 2013 watafiti wa CIMMYT walieleza kwamba uwezo wa kustahimili ukame na joto kwa pamoja ni urithi wa namna yake, tofauti na wa ukame pekee au joto pekee. Mbegu wazazi nyingi zilizosifika kwa ukame ziliporomoka mambo hayo mawili yalipokutana. Chache tu, zikiwemo za ukoo wa La Posta Sequía, zilisimama. Chotara huzaliwa na wazazi wawili, na sifa wasiyokuwa nayo wazazi haitazuka dukani.

Kwa bahati mbaya, kelele za miaka iliyopita zilielekezwa kwingine. Tangu Oktoba 2016, yalipopandwa Makutupora mahindi yaliyotiwa jeni ya bakteria dhidi ya ukame, hadi Serikali iliposimamisha majaribio hayo Januari 2021, watu walibishana juu ya jeni. Ubishi huo ulikuwa halali. Lakini machotara ya kawaida, yasiyo na jeni hiyo, yaliendelea kupita madukani bila mtu kuuliza yalichanua katika hali gani.

TOSCI, kwa sheria ya mbegu ya mwaka 2003, ndiyo yenye dhamana ya kusimamia ubora wa mbegu, na TARI ina vituo na wataalamu. Kinachodaiwa ni kwamba mbegu inayonadiwa kwa mikoa mikavu ipandwe pia katika jaribio la joto, matokeo yatangazwe, na mfuko uandikwe waziwazi: imepimwa kwa ukame, kwa joto, au kwa vyote viwili. Makampuni yatalalamika juu ya gharama. Mkulima hununua chotara upya kila msimu, kwa fedha taslimu. Gharama hiyo ameilipa tayari.

Na afisa ugani anayetakiwa kuipendekeza mbegu kwa kijiji kizima, kabla ya kutia saini, amuulize muuzaji: ilichanua katika nyuzi ngapi?