Nyumba Zigawanywe, Lakini Njia ya Kutokea Ibaki

Apitaye jioni katika mitaa ya mji wa Singida, kati ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, hataacha kuona jinsi nyumba zetu zinavyobadilika. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja leo inakaliwa na familia nne au tano. Sebule imekatwa kwa ukuta na kuwa vyumba viwili. Baraza imezibwa, nayo imekuwa chumba. Mlango wa uani umejazwa matofali ili kipatikane chumba kimoja zaidi cha kupangisha.

Hatuwalaumu wenye nyumba. Mwaka 2012 mkoa huu ulikuwa na watu wapatao milioni 1.37, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 2. Watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara wanahitaji mahali pa kulala, na mstaafu mwenye nyumba kubwa ana haki ya kupata riziki yake kwa kodi ya vyumba. Kugawanya nyumba si kosa. Kosa ni kuigawanya nyumba bila kuigawanya njia ya kutokea.

Tufikiri kidogo. Nyumba inapokuwa ya familia moja, kila mtu ana haki ya kupita kila mahali. Moto ukizuka jikoni, baba atatokea mbele, mama na watoto watatokea uani. Nyumba hiyo hiyo ikishagawanywa, kila mlango una kufuli la mtu wake, na wote wamebakiwa na ukumbi mmoja mwembamba. Katika ukumbi huo pana jiko la mkaa, pana mtungi wa gesi, na usiku inaingizwa pikipiki yenye petroli tangini ili isiibwe. Moto ukianzia hapo, mlango wa chumba haufunguki tena kuelekea kwenye uhai. Imebaki njia moja tu, nayo ni dirisha.

Na dirisha hilo likoje? Limewekewa nondo zilizofukiwa ukutani kwa zege. Kioo chake ni cha kusukuma, kiasi kwamba likifunguliwa lote linaachia nusu tu ya nafasi yake. Pengine limezibwa kabisa na chumba kipya kilichoegeshwa nje, hata mpangaji akilifungua anakutana na ukuta wa mwenziwe. Wahenga walituusia kuziba ufa. Hawakutuusia kuziba njia.

Moto wa nyumba hauui kwa ndimi zake peke yake. Mara nyingi moshi hutangulia. Magodoro ya sponji yakishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na miongoni mwa sumu hizo imo hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, ambayo humlegeza mtu aliyelala kabla hajajua kuna nini. Muda wa kuokoka huhesabiwa kwa dakika chache. Katika dakika hizo hapana nafasi ya kutafuta ufunguo gizani, wala ya kumsubiri jirani aje na nyundo.

Afrika Mashariki imekwisha kulipa ada ya somo hili, na walioilipa ni watoto. Mwezi Juni mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini katika shule ya sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Mwezi Machi mwaka 1998, huko Bombolulu katika pwani ya Kenya, walikufa wasichana 26 katika bweni lililofungwa mlango na kuwekewa nondo madirishani. Miaka mitatu baadaye, mwezi Machi mwaka 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, wilayani Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi Agosti mwaka 2009 wasichana 12 walifariki katika shule ya sekondari ya Idodi, mkoani Iringa. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule ulioagiza kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na nondo, na kwamba yafunguke kwa urahisi kuelekea nje.

Atasema mtu kwamba hayo ni mabweni, wala si nyumba za kupanga. Sisi tunauliza: bweni ni nini ila nyumba wanamolala watu wengi wanaotegemea mlango mmoja? Nyumba yenye wapangaji 15, ukumbi mmoja na madirisha ya nondo ni bweni, hata kama haina kengele wala mwalimu wa zamu.

Hoja nzito zaidi ni ile ya wezi, nayo hatuidharau. Mwananchi aliyejinyima hata akanunua redio au cherehani hawezi kuambiwa alale dirisha wazi. Wezi huja mara nyingi, moto huja mara moja. Lakini hatusemi nondo ziondolewe. Tunasema katika kila chumba cha kulala, dirisha moja liwe na nondo za bawaba, zenye komeo linalofunguliwa kwa ndani kwa mkono mtupu, bila ufunguo wala chombo. Komeo hilo likingwe kwa kipande cha bati ili mkono wa mwizi usilifikie kutoka nje. Kazi hii haimshindi fundi yeyote wa kuchomelea, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kodi ya chumba.

Kuhusu vipimo, hatuna haja ya kubahatisha. Kanuni za nyumba zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka dirisha la kuokolea liache upana wazi usiopungua sentimeta 51 na kimo kisichopungua sentimeta 61, na jumla ya nafasi isipungue takriban nusu ya meta mraba. Kizingiti chake cha chini kisizidi sentimeta 112 kutoka sakafuni, ili mtoto na mzee waweze kupanda. Vipimo hivyo vimetokana na mwili wa binadamu, na mwili wa Mnyaturu au Mnyiramba hauna tofauti na wa Mmarekani unapopita dirishani.

Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya watu wa bara peke yao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe wa Unguja yalitaifishwa na kugawiwa familia nyingi, kila moja na vyumba vyake. Majumba hayo yana sakafu zilizobebwa na boriti, ngazi za mbao, lango moja kuu, na nondo katika madirisha ya chini. Aishiye ghorofa ya pili hatanusurika kwa dirisha pekee. Anahitaji ngazi nyingine, au njia ya kupitia roshani au darini kwa jirani. Kuhifadhi urithi wa majengo ni jambo tukufu, lakini urithi wa kwanza ni watu waliomo ndani yake.

Kwa viongozi tuna neno mahsusi. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji imekuwapo tangu mwaka 2007, na halmashauri zina mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi. Tatizo ni kwamba nyumba hugawanywa kwa ndani, kuta za nje zikabaki zilezile, basi ofisi isijue. Hata hivyo dalili zipo. Mwenye nyumba anapoomba mita ya pili na ya tatu ya umeme, amekwisha kutangaza kwamba nyumba yake si ya familia moja tena. Mwaka 2021 Serikali ilianza kukata kodi ya majengo kupitia umeme wa LUKU. Ikiwa mita yaweza kutumika kuipata kodi, haishindwi kutumika kuipata nyumba isiyo na njia ya kutokea. Mtendaji wa mtaa na mjumbe wa shina, wanaojua kila mlango, wapewe vipimo hivi vichache. Mkaguzi ahesabu madirisha kama mtoza kodi anavyohesabu vyumba. Wenye nyumba wapewe muda wa kurekebisha na washauriwe kwanza, adhabu ije baadaye.

Nao wapangaji wasingoje Serikali. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, mpangaji na afungue dirisha la chumba, kisha ajiulize kama mwanawe ataweza kupita hapo usiku, gizani, katika moshi. Akiona haiwezekani, amwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, wangali wanapatana bei.

Namba ya Zimamoto ni 114, na kila mtu aijue. Lakini mkoa wetu una eneo la takriban kilometa za mraba 49,000, na upepo wa Singida hausubiri gari. Atakayefika kwanza penye moto ni yule aliyemo chumbani. Tumwachie njia.