Mpunga Haungoji Upelelezi

Jirani yangu hapa Rujewa alikamatwa miche ikiwa bado kitaluni, siku chache kabla ya kupandikiza. Shtaka: unyang'anyi wa kutumia silaha. Silaha yenyewe, kwa mujibu wa hati ya mashtaka, ni fimbo.

Tangu hapo mkewe amekariri maneno ya mahakamani: "Upelelezi haujakamilika." Kila kesi inapotajwa anapanda basi, anakaa kwenye benchi, anamwona mumewe akishushwa kutoka kwenye karandinga, anasikia tarehe nyingine, anarudi. Mpunga umevunwa mara mbili bila mwenyewe. Sasa shamba limekodishwa, na fedha ya kodi ndiyo nauli ya kwenda kusikia maneno yaleyale.

Sijui kama jirani yangu aliiba. Hakimu naye hajui, kwa sababu hajasikiliza shahidi hata mmoja. Kwa hali hiyo, Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu huyu kutendewa kama mwenye kosa. Basi mnieleze: misimu miwili nyuma ya nondo ni kutendewa kama nani?

Kinachomfunga ni kifungu kinachofahamika kama 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha: ukishtakiwa kwa mojawapo, dhamana haipo. Hakimu haulizwi kama una makazi, kama una wadhamini, kama umewahi kutoroka. Anasoma jina la kosa, basi. Na jina hilo haliandiki yeye; linaandikwa na upande wa mashtaka. Mwenye kalamu ndiye mwenye ufunguo.

Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019. Katika mashtaka yake kulikuwa na utakatishaji fedha, hivyo hakukuwa na dhamana. Alitoka Februari 2020, baada ya kukiri makosa kwa makubaliano na waendesha mashtaka. Mtu akikaa ndani bila kujua mwisho, kukiri hugeuka mlango wa kutokea, awe ametenda au hakutenda.

Mei 2020, katika kesi ya Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa kabla msimu haujaisha.

Utaniambia: jambazi akipewa dhamana atatoroka, atawatisha mashahidi. Huenda. Basi mwendesha mashtaka asimame amwambie hakimu hivyo, alete sababu, na mshtakiwa ajibu. Hakimu anaweza kukataa dhamana. Anaweza pia kuzuia pasipoti, kudai wadhamini, kuamuru mtu aripoti polisi kila wiki. Hatudai kila mshtakiwa aachiwe. Tunadai kila mshtakiwa asikilizwe.

Na upelelezi uwekewe kikomo. Serikali inayomkamata mtu leo haiwezi kutafuta ushahidi kwa muda inaoutaka wakati yeye analipa kwa siku zake.

Jirani yangu akishinda kesi, ataambiwa yuko huru, aende nyumbani. Hakuna hukumu itakayomrudishia ile misimu. Akishindwa, atakuwa ameanza kuadhibiwa kabla ya kuhukumiwa. Keshokutwa kesi inatajwa tena. Mkewe ameshaomba nauli.