Mtego wa -ight

Kuna kundi linalowaangusha wachezaji wengi wa Wordle, ule mchezo wa kukisia neno la Kiingereza la herufi tano kwa majaribio sita: maneno yanayoishia na -ight. Yapo eight, fight, light, might, night, right, sight na tight, tukiyaacha yale adimu.

Tuseme jaribio la pili umeandika night, herufi nne za mwisho zikawa kijani, yaani zipo na zimekaa mahali pake. Utadhani umemaliza, kumbe yamebaki maneno saba na majaribio manne tu. Usibahatishe moja moja! Andika terms. Jibu haliwezi kuwa hilo, lakini linapima herufi tano za mwanzo kwa mpigo: e, r, m au s ikiwamo itageuka njano (ipo, ila mahali pengine), na t ikiwa kijani basi ni tight. Dalili hizo zisipojitokeza, yamebaki fight na light, nawe una majaribio matatu.

Wanaocheza ule mtindo mgumu ndio nawaonea huruma kwelikweli, maana hawaruhusiwi kuziacha herufi walizokwisha kuzipata. Kwao terms inakataliwa papo hapo.