Alama za Mchakato Si Zawadi

Wanaopinga tathmini ya mtaala wa umilisi nchini Kenya wanadai hivi: mwanafunzi apimwe kwa kazi ya mwisho tu, kwa kuwa alama za mchakato ni zawadi ya mwalimu kwa anayempenda.

Tuanze na huo upendeleo. Katika kuwapangia wanafunzi sekondari za juu, mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 unabeba asilimia 60, ule wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Mwalimu anayeogopwa hivyo ameshika sehemu moja kati ya tano.

Ati mtihani wa mwisho haudanganyi! Mwaka 2015 matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa udanganyifu. Mtoto akihukumiwa kwa saa mbili, karatasi hupata wanunuzi. Insha iliyokamilika hununuliwa. Rasimu tatu zilizoandikwa darasani, mbele ya mwalimu, hazinunuliki kirahisi.

Ati pia kupima mchakato ni kudekeza watoto. Mbona Hisabati ya KCSE hutoa alama za njia? Aliyefuata njia sahihi akateleza mwishoni hapewi sufuri. Na aliyeandika jibu tupu lenye kosa, mwalimu atajuaje alipopotelea?

Jibu sahihi tunalitaka, na tunataka kujua limepatikanaje. Anayeridhika na jibu pekee anataka kuwapanga watoto foleni, kuwafundisha hakumhusu.